Nakala Isiyojaribiwa Si Akiba

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, kompyuta ni moja na watumiaji ni wengi. Mama hutunza humo hesabu za duka, baba huandikia humo taarifa za kazini, na mtoto aliye chuoni hujifunzia humo kutunga programu. Kwa kuwa mahitaji yao hayafanani, ziko kompyuta zilizotiwa mifumo miwili: Windows kwa kazi za ofisi, na Linux, aghalabu ya aina ya Ubuntu, kwa masomo. Tena, baada ya kampuni ya Microsoft kukomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wapo walioiweka Linux kando ya Windows katika mashine ya zamani badala ya kununua mpya.

Kompyuta ya namna hii inapowashwa huonyesha orodha fupi na kumtaka mtu achague mfumo. Orodha hiyo huletwa na programu ndogo iitwayo GRUB. Huyu ndiye bawabu wa nyumba, na ndiye anayesahauliwa watu wanapoweka akiba. Wengi hunakili picha, barua na hesabu kwenye flashi, wakaona kazi imekwisha. Nakala hiyo ni njema, na asiyekuwa nayo aifanye leo hii. Lakini diski ikifa, nakala hiyo itarudisha picha, haitarudisha kompyuta. Duka litakaa siku kadhaa bila hesabu, na mwanafunzi atakosa pa kumalizia kazi inayodaiwa chuoni.

MLANGO NI MMOJA

Ndugu msomaji, yafaa ieleweke kwamba diski ya kompyuta hugawanywa vyumba. Windows ina chumba chake na Linux ina chake. Katika kompyuta za miaka ya karibuni kipo pia chumba kidogo, mara nyingi cha megabaiti 100 hadi 500, ambacho mtumiaji wa kawaida hakioni. Humo ndimo zinamokaa programu za kuwashia mifumo yote miwili. Anayenakili chumba cha Windows peke yake, au cha Linux peke yake, amechukua nyumba akauacha mlango.

Mwezi Agosti 2024 jambo hili lilionekana wazi. Sasisho la Windows la tarehe 13 mwezi huo lilikaza masharti ya usalama wakati wa kuwasha, na baadhi ya kompyuta za mifumo miwili zikakataa kuiwasha Linux. Faili za wenyewe zilikuwa salama ndani. Kilichofungwa ni mlango.

Zaidi ya hayo, kila chumba kina namba yake ya utambulisho, na Linux huzisoma namba hizo inapoamka. Chumba kikiumbwa upya hupata namba mpya. Hapo, hata kama faili zote zimerudishwa, Linux huitafuta namba ya zamani, isiione, ikakwama. Ndiyo sababu yapasa kunakili diski nzima, ili vyumba vyote, namba zake na ramani ya mgawanyo virudi kama vilivyokuwa.

KABLA YA KUNAKILI

Kwanza, izime Windows kabisa. Mfumo huu una desturi ya kuwaka haraka: unapozimwa huhifadhi sehemu ya hali yake katika diski ili uamke upesi. Chumba kilichoachwa hivyo si salama kunakiliwa. Desturi hiyo iondolewe katika mipangilio ya umeme ya Windows, ndipo kompyuta izimwe.

Pili, chunguza kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa ndivyo, andika kwenye karatasi ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, uuweke mbali na kompyuta. Baada ya nakala kurudishwa, Windows yaweza kuudai, na asiye nao hataziona faili zake.

Tatu, tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, pamoja na flashi iliyotiwa Clonezilla au Rescuezilla. Programu hizi hutolewa bure. Ya kwanza hufanya kazi kwa maandishi matupu. Ya pili ina madirisha na vitufe, hivyo yamfaa anayeanza. Kompyuta huwashwa kwa flashi hiyo, mifumo yote miwili ikiwa imelala. Teua diski nzima, na kazi ikiisha, iagize programu iikague nakala.

SIKU YA KURUDISHA

Kurudisha ni kufuta. Programu huandika juu ya kila kilichomo katika diski inayopokea. Soma jina na ukubwa wa diski kabla ya kukubali, maana anayeteua kwa haraka diski yenye nakala amejifutia akiba mwenyewe. Diski mpya iwe na ukubwa ule ule au zaidi, na ya zamani iondolewe kabla ya kuwasha, kwa kuwa diski mbili zenye namba zile zile huichanganya mashine. Kazi isianzwe siku ambayo umeme si wa kutegemewa.

Huenda baada ya hayo kompyuta ikaingia Windows moja kwa moja bila kuonyesha orodha. Usikimbilie kufuta kila kitu. Majina ya milango huandikwa pia katika kumbukumbu iliyo nje ya diski, kwenye ubao mkuu wa kompyuta, na nakala haiichukui. Ingia mipangilio ya kuwashia, ambayo katika mashine nyingi hufunguliwa kwa kitufe cha F2 au Delete, uiteue Ubuntu kuwa ya kwanza. Jina hilo lisipokuwamo, fundi anaweza kuwasha kwa flashi ya Ubuntu akaiweka GRUB upya bila kugusa faili zenu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kompyuta huoza: nakala ya mwaka jana haina hesabu za mwaka huu, na nakala ambayo haikuwahi kurudishwa hakuna ajuaye kama ni nzima. Faili za kila siku zinakiliwe kila wiki. Diski nzima inakiliwe kabla ya kila badiliko kubwa. Kisha, mkipata diski ya pili, irudisheni nakala humo, muiwashe, muingie Windows, halafu Linux. Familia iliyofanya hivyo mara moja, mashine ikiwa bado nzima, haitahangaika siku itakapokufa.