Picha za Simu: Zipi Zitunzwe, Zipi Zifutwe

Zamani picha ilikuwa kitu cha heshima na cha gharama. Mkazi wa Giheke, wilayani Rusizi, aliyetaka kupigwa picha alivaa nguo zake za sikukuu, akaenda hadi mjini Kamembe, akasimama wima mbele ya mpiga picha, kisha akangoja hadi filamu isafishwe. Picha zilizokuwamo nyumbani zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na sababu ya kuwapo. Siku hizi simu ya mkononi imeiondoa gharama hiyo. Mtoto hupigwa picha akila, akilala, akilia na akicheka. Na ifikapo jioni picha nyingi zimeongezeka bila mtu yeyote kuamua kwamba zinastahili kuwapo.

Uamuzi uliokuwa ukifanywa kabla ya picha kupigwa sasa umeachwa hadi baadaye, na aghalabu haufanywi kabisa. Hatimaye huja siku ambapo simu huonya kwamba nafasi imejaa. Mwenye simu, akiwa na haraka ya kupokea ujumbe, hufuta chochote kilicho karibu na kidole chake. Picha ya marehemu bibi hutoweka, na kichekesho kilichotumwa na watu kumi hubaki.

THAMANI YA PICHA MOJA

Nchini Rwanda jambo hili si la mchezo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nyumba ziliporwa na kuchomwa moto, na picha zilizokuwamo ziliteketea pamoja nazo. Manusura wengi hawakubakiwa hata na picha moja ya mzazi au ndugu. Katika jumba la kumbukumbu la Gisozi, mjini Kigali, lililofunguliwa mwaka 2004, kimo chumba ambamo zimetundikwa picha za waliouawa, zilizotolewa na jamaa zao. Ni picha za kawaida kabisa: watu wamesimama uani, wamevaa sare ya shule, wamekaa harusini. Hakuna aliyepiga mojawapo ya picha hizo akidhani kwamba siku moja itakuwa ndiyo pekee iliyosalia. Mwaka 2010 ilizinduliwa pia hazina ya nyaraka za mauaji hayo, ambamo picha, maandishi na shuhuda huhifadhiwa kwa njia ya kompyuta.

Chumba kile kinafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba picha yenye thamani si lazima iwe nzuri. Yatosha iwe na uso unaotambulika na jina linalojulikana. La pili ni kwamba picha iliyowekwa katika nyumba moja tu hupotea pamoja na nyumba hiyo. Na si uovu wa binadamu peke yake uwezao kuibomoa nyumba. Tetemeko la ardhi la Februari 3, 2008, liliangusha nyumba na makanisa katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, likaua watu zaidi ya 30 nchini Rwanda.

MASWALI YA KUCHAGULIA

Familia ikikaa kuchagua, na ijiulize maswali machache juu ya kila picha. Je, nani yumo, na baada ya miaka 30 atatambuliwa? Je, ipo picha nyingine inayosema jambo hilo hilo kwa uwazi zaidi? Kati ya picha 12 za ubatizo mmoja zilizopigwa kwa dakika tatu, 2 zatosha. Je, picha yaonyesha kitu kinachoondoka duniani, kama vile nyumba ya zamani kabla haijabomolewa, babu akiwa kahawani mwake, au bibi akisuka kikapu? Hiyo itunzwe hata kama ina giza kidogo.

Picha za wazee zitangulizwe kuliko zote. Watoto watapigwa nyingine kesho. Mzee huenda asipate kesho hiyo. Tena mzee mwenyewe aulizwe kabla ya kufuta, kwani yeye ndiye ajuaye kwamba yule kijana aliyesimama pembeni ni mtoto wa nduguye aliyehamia Bukavu.

Zipo nazo za kufutwa bila huruma: vichekesho, salamu za asubuhi, picha za bidhaa sokoni, na zile zilizotoka na ukungu. Picha za ajali na za maiti zinazozungushwa kutoka simu hadi simu hazifai kukaa katika nyumba yenye watoto. Picha za hati za ardhi, vyeti vya shule na vitambulisho zina faida kubwa karatasi yenyewe ipoteapo, lakini ziwekwe mbali na za familia, mahali penye neno la siri. Namba ya siri ya benki au ya kutumia fedha kwa simu isipigwe picha kamwe.

PICHA ZA ASKARI

Kwa familia za wanajeshi na polisi, uchaguzi huu una uzito wa pekee. Askari wa Rwanda walianza kupelekwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, mwezi Julai 2021, na wengine wamehudumu katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Baba akiwa mbali, picha aliyoituma ndiyo mtoto amwonyeshayo mwenzake shuleni. Hiyo ni mali ya familia. Lakini picha ya lindo, ya silaha, ya mtuhumiwa au ya ushahidi si mali ya nyumbani, na haina nafasi katika simu ya mke wala ya mtoto.

Hata picha isiyo na neno huweza kusema mengi. Simu nyingi huandika ndani ya picha saa na mahali ilipopigwa. Mwezi Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya programu ya wanamichezo iitwayo Strava ilikuwa ikionyesha njia za askari waliokuwa wakikimbia mazoezini, na hivyo kufichua kambi katika nchi kadhaa. Kwa hiyo askari na azime sehemu ya kurekodi mahali katika kamera ya simu yake kabla ya kupiga. Jambo hili ni muhimu zaidi atakapotaka picha ifike nyumbani ikiwa kamili. Picha itumwayo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, ilhali ikitumwa kama faili hufika ilivyo, pamoja na maelezo yote yaliyofichika ndani yake.

HESABU NDOGO

Wengi hudhani kuhifadhi picha kunahitaji fedha nyingi. Tuseme picha moja ni megabaiti 3. Familia ipigayo picha 10 kila siku hupata picha 3,650 kwa mwaka, yaani karibu gigabaiti 11. Tangu Juni 1, 2021, Google iliacha kuhifadhi picha bure bila kikomo, ikabakiza gigabaiti 15 za bure kwa kila akaunti, barua pepe zikihesabiwa humo humo. Familia hiyo ingeijaza nafasi yote kabla ya mwaka mmoja na nusu. Lakini ikichagua picha 10 kwa mwezi, kwa mwaka ni picha 120, yaani megabaiti 360. Kwa kiasi hicho nafasi ile ile ingeweza kutosha miaka 40. Anayechagua hahitaji kununua nafasi.

Zilizochaguliwa ziwe na nakala tatu. Ya kwanza hubaki katika simu. Ya pili huwekwa katika kadi ya kumbukumbu au flashi, ikahifadhiwa mahali pakavu pamoja na hati za nyumba. Nayo ijaribiwe kila mwaka, kwani vifaa hivyo huharibika kimya kimya. Ya tatu ikae nje ya nyumba: kwa shangazi aliyeko Huye au Kigali, au katika akaunti ya intaneti. Akaunti hiyo ifunguliwe mara kwa mara, maana tangu Desemba 2023 Google imeweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Na neno lake la siri lijulikane na mtu wa pili anayeaminika. Baba akipatwa na lolote, picha zisifungiwe pamoja na siri yake. Tena kila mwaka picha chache zilizo bora zichapwe katika karatasi. Karatasi haihitaji umeme wala neno la siri.

JINA NI NUSU YA PICHA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Simu huipa picha namba isiyo na maana kwa mtu yeyote. Picha iliyochaguliwa ipewe jina lenye mwaka, mwezi, mahali na watu waliomo. Haitoshi kuandika "harusi ya shangazi", kwa kuwa mjukuu atauliza ni shangazi wa nani. Majina yaandikwe kamili, na mwaka utangulie ili picha zijipange zenyewe.

Kazi hii haidai siku nzima. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu warudipo kutoka umuganda, familia na ikae pamoja kwa nusu saa, simu ikiwa mezani. Mama, baba aliye likizo, watoto na bibi wachague 10, waziandike majina, wanakili, kisha wafute zilizobaki. Bibi atataja majina ambayo hakuna mwingine ayajuaye, na mtoto atayaandika. Majina hayo na yaandikwe mwezi huu, bibi angali hai wa kuyataja.