Kikohozi kisichoisha: ni vumbi la malori au kifaduro?

Tunduma mtoto akikohoa, wa kwanza kulaumiwa ni vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Mara nyingine ni kweli. Lakini mtoto anayekohoa mfululizo mpaka pumzi inakata, kisha akavuta hewa kwa mlio mkali na kumalizia kwa kutapika, hapo vumbi linasingiziwa. Huenda ni kifaduro.

Mabibi wanaujua ugonjwa huu. Chanjo iliupunguza sana, ila umerudi: mwaka 2024 Marekani pekee ilihesabu wagonjwa zaidi ya 30,000.

Kwa kichanga, mzazi asisubiri mlio. Anaweza asiwe nao kabisa. Anaacha kupumua kwa muda, midomo inageuka bluu. Huyo ni wa hospitali usiku huohuo, hata kwa bodaboda.

Kipimo chenyewe huanzia puani. Kijiti chembamba huingizwa mpaka nyuma ya pua, mtoto analia, basi. Kuotesha vimelea maabara hufanikiwa zaidi ndani ya wiki 2 za mwanzo za kikohozi. Kipimo cha vinasaba huenda mpaka wiki ya 3 au ya 4. Baada ya hapo hubaki kutafuta kingamwili kwenye damu. Wazazi wengi hufika wamechelewa, tena mtoto keshamezeshwa antibiotiki za duka la dawa. Dawa hizo huficha vimelea, na jibu la "hakuna" linaweza kudanganya. Daktari aambiwe ukweli: kikohozi kilianza lini, mtoto amekunywa nini.

Si kila kituo kina kipimo hiki, na sampuli ikisafirishwa majibu huchukua siku. Hesabu ya chembe nyeupe za damu husaidia kukisia, hasa limfosaiti zikipanda mno. Daktari akishuku huanza tiba bila kungoja, na mtoto hukaa mbali na wenzake siku 5 tangu dozi ya kwanza.

Muuguzi akiuliza nani mwingine anakohoa nyumbani, si umbea. Mara nyingi kichanga huambukizwa na mtu mzima: baba dereva, dada wa kazi, mpangaji wa chumba cha pili. Nao watajwe.

Kadi ya kliniki iende pia. Chanjo ya pentavalenti hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliyekosa dozi kwa sababu ya safari za kuvuka mpaka huendelea alipoishia, haanzi upya.