Maswali ya Mjengo si Gumzo la WhatsApp

Wasomaji wangu, leo tuongee kuhusu maswali. Si ya mtihani wala ya bungeni. Ni yale yanayozuka kwenye mjengo wakati mafundi wako kazini na mchoro umekataa kueleweka. Wahandisi na makontrakta huyaita kwa herufi tatu, RFI. Mimi nitayaita maswali rasmi, maana huo urasmi ndio hoja yangu yote.

Swali rasmi ni nini? Kontrakta anasoma mchoro, anaona jambo lisiloeleweka, anamwandikia msanifu au mhandisi: hapa nifanyeje? Mwenye mamlaka anajibu kwa maandishi, kazi inaendelea. Basi! Ni jambo sahili, lakini miaka hii miradi mingi imelihamishia kwenye grupu la WhatsApp. Nasema wazi kwamba hiyo ni njia mbaya, na gharama yake hulipwa kwa shilingi na wakati mwingine kwa roho za watu.

Tuchukue mfano. Mchoro wa mhandisi unaonyesha boriti yenye kina cha milimita 600. Mchoro wa mabomba unaonyesha bomba la maji taka la milimita 110 likipita pale pale. Msimamizi wa mafundi anapiga picha, anaitupa kwenye grupu: "Injinia, hapa tunafanyaje?" Grupu lina watu 60. Mmoja anajibu kwa kidole gumba. Wa pili anauliza pesa za saruji zitatoka lini. Wa tatu anawatakia wote Ijumaa njema. Mhandisi yuko safarini, simu anaishika usiku, na swali limezikwa chini ya jumbe mia moja. Lori la zege limeagizwa kesho saa mbili asubuhi.

Nani atajibu swali? Fundi. Boriti itamwagwa bila tundu, na mwezi ujao mtu atakuja na mashine ya kutoboa akate vyuma ambavyo mhandisi alivihesabu kimoja kimoja. Tunafikiri swali lisilojibiwa linasubiri. Halisubiri. Linajibiwa na mtu asiye na mamlaka ya kulijibu.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya makaratasi tu. Haya, twende Marekani kidogo.

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, njia mbili za kutembelea zilizoning'inizwa juu ya ukumbi zilianguka zikiwa na watu. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Katika mchoro wa awali, njia ya ghorofa ya nne na ile ya ghorofa ya pili zilishikwa na vyuma virefu vilivyoshuka kutoka darini, kila njia ikikaa kwenye chuma kivyake. Kampuni iliyotengeneza vyuma ikaona hiyo ni kazi ngumu. Pakawekwa vyuma vifupi badala yake: vingine kutoka darini hadi ghorofa ya nne, vingine kutoka ghorofa ya nne hadi ya pili.

Mabadiliko madogo, sivyo? Sasa fikiria watu wawili wananing'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake. Mwambie wa chini aiache kamba, amshike wa juu miguu. Kamba ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini mikono ya wa juu sasa imebeba watu wawili. Ndivyo viungo vya ghorofa ya nne vilivyobebeshwa mzigo maradufu.

Uchunguzi ulionyesha pia kwamba hata mchoro wa awali haukutimiza kanuni za ujenzi za mji ule. Lakini jambo linalonigusa mimi kama mwandishi wa programu ni hili: kampuni ya vyuma ilisema ilipiga simu kuomba idhini ya mabadiliko. Wahandisi wakakana kupokea simu hiyo. Hapakuwa na ombi lililoandikwa, ambalo lingemfanya mtu aketi na kupiga hesabu upya. Michoro ya vyuma ilipita mikononi mwa wahandisi, ikagongwa muhuri. Wahandisi wawili baadaye walipokonywa leseni zao za Missouri. Simu iliyopigwa au haikupigwa, nani atajua?

Sisi tunaoandika programu tuna bahati. Hitilafu ikitokea tunaiingiza kwenye mfumo kama Bugzilla, uliokuwepo tangu 1998. Inapewa namba, inapewa mwenyewe, inafuatwa mpaka ifungwe. Na mambo yakiharibika tunarudisha toleo la jana. Zege haina toleo la jana. Wenzetu wa mjengo huipima nguvu ikiwa na siku 7 na tena ikiwa na siku 28. Ukigundua tatizo siku ya 28, dawa yake ni nyundo ya umeme. Ajabu ni kwamba sisi wenye uwezo wa kurudi nyuma ndio tunaotunza kumbukumbu vizuri zaidi.

Sasa, programu ya maswali rasmi inatakiwa kufanya nini? Nina mambo matano.

Kwanza, namba. Kila swali liwe na namba yake, isiyotumika tena hata swali likiondolewa. Na namba itolewe na seva, si simu. Kwenye orofa za chini ya ardhi mtandao haufiki. Watu wawili wakiandika maswali huko, simu zote mbili zitasema hili ni swali la 47. Simu itunze rasimu, na mtandao ukirudi seva itoe namba. Saa ya simu na saa ya seva ziandikwe zote mbili.

Pili, mpira uko kwa nani. Kila swali lililo wazi liwe na mtu mmoja anayesubiriwa sasa hivi. Si idara, si kampuni, ni mtu. Procore, programu ya Marekani iliyoanza mwaka 2002, ina sehemu maalumu kwa jambo hili hili, na naona hiyo ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote kwenye skrini yake.

Tatu, tarehe ya mwisho pamoja na sababu yake. Neno "haraka" halisaidii, kila mtu huliandika. Andika: zege ya boriti hii inamwagwa Alhamisi. Hapo mhandisi mwenye maswali 30 mezani anajua aanze na lipi.

Nne, mchoro na toleo lake. Hapa ndipo programu nyingi zinapoteleza. Mhandisi anajibu, hali inageuka kuwa "limefungwa", kila mtu anafurahi. Lakini kwenye kibanda cha mjengo mchoro wa zamani bado umebandikwa ukutani, na fundi huangalia ukuta, haangalii seva. Swali lisifungwe mpaka toleo jipya la mchoro litoke, au mwenye mamlaka aandike kwamba mchoro haubadiliki. Na jibu likiongeza gharama, liende kwenye agizo rasmi la mabadiliko. Jibu la swali si hundi.

Tano, kumbukumbu isiyofutika. Tangu 2017 WhatsApp inaruhusu kufuta ujumbe kwa wote, na tangu 2023 unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Hayo yanafaa kwa wapenzi waliokosana, si kwa boriti. Kwenye mfumo wa maswali, jibu lililokosewa linabaki, na jipya linawekwa juu yake, yote yakiwa na majina na saa.

Hili la majina na saa si ushabiki wa mtu wa tarakilishi. Lipo kwenye mikataba. Chukua Kitabu Chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999, familia ya mikataba inayojulikana sana na wajenzi wa barabara zetu. Kifungu cha 1.9 kinamtaka kontrakta atoe notisi kazi inapoelekea kuchelewa kwa sababu mchoro au agizo halijafika, aeleze anahitaji nini na kwa nini. Akicheleweshwa hata baada ya hapo, ana haki ya kudai muda wa ziada na gharama. Kifungu cha 20.1 kinampa siku 28 za kutoa notisi ya dai, tangu alipojua au alipopaswa kujua. Siku ya 29 amechelewa. Nani atakuambia siku 28 zilianza lini, grupu la WhatsApp?

Mahakamani nako, Sheria ya Ushahidi ya Kenya kwenye kifungu cha 106B inakubali rekodi za kielektroniki kwa masharti yake. Kwa hivyo hata gumzo linaweza kufika mbele ya hakimu. Lakini kufika na daftari la maswali 200 yaliyopangwa ni tofauti na kufika na picha za skrini zilizokatwa nusu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa kuwa madai ya mkataba Kenya yanaweza kufunguliwa hadi miaka 6, daftari lazima liishi kuliko kampuni iliyolitengeneza. Aconex ilianzia Melbourne mwaka 2000, na mwaka 2018 ikanunuliwa na Oracle. Mwaka huo huo Autodesk ikatangaza kuinunua PlanGrid. Programu hubadilisha wenyewe. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, muulize muuzaji: siku nikiondoka, nitapewa maswali yangu yote na viambatisho vyake katika faili ninazoweza kufungua bila ninyi? Akianza kuzungukazunguka, mwache aende.

Kuna pingamizi mbili za haki. Ya kwanza: kontrakta mjanja anaweza kumwaga maswali 300 ili apate sababu ya kudai muda. Kweli. Na mshauri mjanja naye anaweza kujibu yote kwa maneno mawili, "tazama mchoro", ili tarehe zake zionekane safi. Programu haiwezi kumfanya mtu kuwa mkweli. Inachoweza ni kumtaka anayeuliza ataje mchoro aliosoma na apendekeze jibu, na kumruhusu alifungue tena swali ambalo halikujibiwa. Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza bila kusoma ni kupoteza muda wa wenzako. Na tusiwapime watu kwa idadi ya maswali waliyofunga, maana watafunga tu.

Pingamizi ya pili ni pesa. Programu hizi kubwa zimetengenezewa miradi mikubwa, na kontrakta mdogo wa Thika au Kisii anayejenga ghorofa nne hatazilipia. Sawa. Aanze na lahajedwali yenye safu tisa: namba, tarehe, anayeuliza, anayesubiriwa, mchoro na toleo, swali, tarehe ya mwisho na sababu, jibu, hali. Mtu mmoja tu aruhusiwe kuihariri, na kila Ijumaa nakala itumwe kwa wote kwa barua pepe. Haitashinda tuzo, lakini inaishinda simu iliyojaa picha.

Wala sisemi WhatsApp ifungwe. Watu wako huko, na kupigana na mazoea ya watu ni kazi bure. Iwe kengele: "Swali la 47 linakungoja, zege ni Alhamisi." Swali lenyewe na jibu lake vikae kwenye daftari. Na wenzangu mnaoandika programu hapa nchini, kazi hii iko wazi: kitu chepesi, kinachofanya kazi bila mtandao, kwa Kiswahili, kwa bei ya kontrakta mdogo.

Kama una mjengo unaoendelea, jaribu jambo moja leo. Fungua grupu, uhesabu maswali ya wiki hii ambayo hayajapata jibu la mtu mwenye mamlaka. Kisha uliza zege inamwagwa siku gani.