Bwaga Moyo Wote



Wazee wa mwambao walisema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Mvuvi wa Bagamoyo hahitaji mwalimu wa kumfafanulia methali hiyo. Ngalawa inaposukumwa majini alfajiri, mwenye mguu mmoja ndani na mwingine mchangani huanguka baharini, wala hakuna atakayeyalaumu mawimbi. Ama apande, ama abaki ufukoni akawasubiri wenzake.

Jumapili hii tuzungumze juu ya jambo ambalo Mkristo hulitamka kila siku katika sala zake, lakini ambalo si rahisi kulitimiza: kumpa Kristo moyo mzima. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano, kwa maana upo mji katika pwani yetu ambao hata jina lake linatufundisha.

Inasemwa kwamba jina la Bagamoyo lilitokana na maneno "bwaga moyo". Maelezo yake ni mawili. Wako wasemao kuwa ni maneno ya wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani. Walipoiona bahari walitua mizigo, wakaiburudisha mioyo yao. Wako wengine wasemao kuwa ni kilio cha watumwa, ambao walipofika hapo walijua kwamba hawataiona tena nchi yao, wakaiacha mioyo yao nyuma kabla ya kupakiwa majahazini. Tusibishane ni maelezo yapi yaliyo ya kweli. Tuzingatie hili tu: mmoja aliubwaga moyo kwa furaha, mwingine kwa kukata tamaa, na kwa nje huenda wote wawili walionekana watu waliochoka walioketi juu ya mchanga ule ule.

Ndivyo ilivyo katika dini. Watu wawili hupiga magoti katika benchi moja, huimba wimbo mmoja, na hutoa sadaka katika kapu moja. Mmoja ameutua moyo wake kwa Bwana. Mwingine ameuleta mwili, moyo ameuacha mahali pengine. Yesu alipoulizwa na mwandishi wa sheria juu ya amri iliyo kuu, jibu lake lilianza na moyo, tena moyo wote, kisha roho, akili na nguvu. Waswahili nao walilijua jambo hili katika maisha ya kawaida, wakasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa tuitazame historia. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Anton Horner, walivuka kutoka Unguja wakaanzisha misheni Bagamoyo. Biashara ya watumwa ilikuwa bado imepamba moto. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Mapadre waliwakomboa watumwa kwa fedha, hasa watoto, na baadaye walipokea pia waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazini. Misheni ikajengwa, ikawa na shule, karakana na mashamba. Kimbunga cha mwaka 1872 kikabomoa majengo, nayo yakajengwa upya. Vijana waliokua walifungishwa ndoa na kukaa katika kijiji cha Wakristo, ambako kengele iliwaita asubuhi kwenye sala, kisha kwenye jembe.

Hapa, ndugu msomaji, pana swali zito. Mtoto aliyenunuliwa sokoni, akapewa chakula, jina na dini, je, moyo wake nao ulinunuliwa? Historia yenyewe inajibu. Wako waliotoroka misheni. Walichoka na ratiba na kazi za shamba, wakaona kwamba wamebadilishiwa bwana tu. Tusiwahukumu. Mwili unaweza kukombolewa kwa fedha na kuamrishwa kwa kengele, lakini moyo hauamrishwi. Mungu mwenyewe, aliyeuumba, huubishia hodi akangoja afunguliwe.

Lakini wako wengine ambao moyo wao ulifunguka. Misheni ya Mhonda ilipoanzishwa mwaka 1877 katika nchi ya bara, mapadre hawakwenda peke yao. Walifuatana na familia za Wakristo waliolelewa Bagamoyo. Watu hawa walikuwa na kila sababu ya kuichukia njia ile ya misafara, kwa maana ndiyo iliyowaleta pwani watumwa wengi wakiwa katika minyororo. Sasa waliipita tena kuelekea bara, wakiwa huru, wamebeba majembe na mbegu na habari ya Kristo. Vitabu vya historia huwataja mapadre kwa majina, na wao huwataja kwa jumla tu. Hata hivyo, Kanisa Katoliki lilipokusanyika Bagamoyo mwaka 2018 kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji wa Tanzania Bara, mavuno yaliyoshukuriwa siku ile yalikuwa na jasho lao ndani yake.

Uko mfano mwingine ambao mji huu unaukumbuka. Dakta David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaanza safari ya kuupeleka pwani. Umbali ulizidi kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na msafara wa Waingereza, na kiongozi wake, Luteni Cameron, akawashauri wauzike mwili huko huko. Fikiri, msomaji. Wamechoka, wameugua, na sasa Mzungu mwenye mamlaka anawapa ruhusa ya kuutua mzigo. Nani angewalaumu kama wangekubali? Wakakataa. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukalazwa katika misheni, kisha ukavushwa Unguja. Hapo wengi wao walilipwa ujira wao wakaagwa. Mazishi yalipofanyika London tarehe 18 Aprili mwaka ule, Chuma na Susi hawakuwapo.

Susi hakuwa Mkristo wakati ule. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka kumi na zaidi baadaye. Basi na tujiulize: ikiwa watu hawa waliweza kuwa waaminifu kiasi hicho kwa bwana aliyekwisha kufa, asiyeweza tena kuwalipa wala kuwashukuru, sisi tunaomwita Kristo Bwana aliye hai tunamtumikiaje? Je, hatuutui mzigo mara tu mtu mwenye heshima anapotuambia kuwa inatosha?

Maana unyoofu wa moyo haujaribiwi mwanzoni mwa safari. Mwanzoni kila mtu ana ari. Bibi na bwana arusi wana ari, mbatizwa mpya ana ari, mwanakwaya aliyeshona sare mpya ana ari. Hujaribiwa katikati, penye Unyanyembe yetu, ambapo nyuma ni mbali na mbele ni mbali, na sababu ya kuacha ni nzuri, tena inatolewa na rafiki.

Tuiache historia tuje majumbani mwetu. Ukipita leo kutoka Bunju, Mapinga, Kerege hadi Bagamoyo mjini, utaona makanisa mengi ya madhehebu mbalimbali. Hilo ni jema. Lakini yuko baba anayeongoza sala katika jumuiya, naye ameuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Yuko mama anayefunga kwa maombi siku tatu, na siku hizo zote hasemi na mke mwenzake wa ndugu wa mumewe wanaokaa ua mmoja. Yuko kijana anayejua Biblia kwa sura na aya, lakini hajui mama yake mzazi anakula nini kijijini. Hawa si wanafiki wote. Wengi wao wanampenda Mungu kweli. Shida ni kwamba wamempa chumba kimoja katika nyumba yao, vyumba vingine wamevifunga na funguo wamezificha.

Sisi wa pwani tunaishi na majirani Waislamu, na ni neema kuwa nao. Muuza samaki anaposikia adhana huweka mizani chini, akaenda kuswali, na mteja akangoja. Mkristo anayeona haya kufumba macho dakika moja kabla ya kula mbele ya wenzake kazini, na ajifunze kwa jirani yake kwamba ibada si jambo la kufichwa, wala si la siku moja kwa juma.

Katika viwanja vya misheni ya Bagamoyo upo mbuyu mkubwa. Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1895 bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa katika mji huo, alifunga mnyororo kwenye mti huo ili amfungie punda wake. Mnyororo haukuondolewa. Mti ukaendelea kunenepa, gome likaufunika kidogo kidogo, hata leo mgeni huonyeshwa kipande kidogo tu kinachochungulia. Hakuna awezaye kuutoa bila kuutoboa mti.

Mnyororo ule uliwekwa kwa shughuli ndogo ya siku moja. Ndivyo uingiavyo moyoni uongo mdogo wa kwanza katika biashara, kinyongo cha kwanza dhidi ya mwenzi wa ndoa, shilingi ya kwanza ya rushwa. Siku ile kuutoa ni kazi ya mkono mmoja. Ukiachwa miaka ishirini, moyo huuzoea, ukakua juu yake, na mwenyewe akadai kwamba ndivyo alivyoumbwa. Anayetaka kumrudishia Kristo moyo mzima hana budi kukubali kuumia kidogo pale gome litakapopasuliwa.

Je, tufanye nini basi? Si lazima tuongeze kelele katika sala, wala mtu asiiache familia yake na njaa kwa kisingizio cha mikesha. Kumpenda Mungu kwa moyo wote hakuwapunguzii mke na watoto haki yao. Kinyume chake, wao ndio wa kwanza kuonja matunda yake. Kwanza, kila jioni, kabla ya kulala, mtu ajiulize swali moja tu: ni chumba gani leo nilichomfungia Bwana? Pili, akikijua, afanye tendo moja kesho yake. Arudishe deni. Aombe radhi. Apige simu kwa mama. Tatu, mume na mke wasali pamoja, hata kwa dakika tano, watoto wakisikia. Mtoto haelewi mahubiri marefu, lakini anaelewa baba anapomwomba mama msamaha.

Na ukianguka? Mkumbuke Petro. Alikuwa mvuvi, na alikwisha mkana Bwana wake mara tatu. Asubuhi moja ziwani, penye moto wa makaa na samaki, Yesu hakumdai maelezo ya makosa yake. Alimwuliza kama anampenda, mara tatu, kisha akampa kazi ya kuchunga kondoo. Petro hakupewa adhabu, alipewa mzigo. Na mzigo ule aliubeba hadi mwisho wa uhai wake bila kuutua njiani.

Basi, ndugu msomaji, bwaga moyo. Usiubwage kama mtumwa asiye na la kufanya, wala usibwage nusu na kuificha nusu. Utue kama mpagazi aliyeiona bahari, aliyejua kwamba amefika kwa mwenyewe.

Jumapili njema, na salamu kwa wote nyumbani.