Kazi za mtandaoni: akaunti ikifungwa leo, unabaki na nini?

Machi 2024, Wakenya waliokuwa wakipata riziki kupitia jukwaa la Remotasks walitumiwa barua pepe fupi: huduma zinasitishwa katika eneo lao. Wengi walipojaribu kuingia kwenye akaunti, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Remotasks ni ya kampuni ya Marekani, Scale AI. Kazi yenyewe ilikuwa ya vipande vidogo vidogo, kama kuweka alama kwenye picha ili mifumo ya akili mnemba ijifunze kutofautisha gari na mtu, au barabara na ukuta.

Hasara ya kwanza ilionekana haraka: kipato kimekatika. Ya pili haikuonekana upesi. Kwa mtu anayefanya kazi za mtandaoni, ukurasa wake kwenye jukwaa ndio cheti, ndio barua ya mwajiri, ndio hati ya mshahara. Ukipotea, anaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hata siku moja.

Swali hili linawahusu pia wanaotafsiri, wanaobuni nembo, wanaoandika, wanaohariri video na wanaotengeneza tovuti kwa wateja wa nje. Serikali ya Kenya imekuwa ikihimiza vijana waingie kwenye kazi hizi tangu 2016, ilipoanzisha mpango wa Ajira Digital. Mafunzo mengi hulenga namna ya kupata kazi. Namna ya kuitunza historia ya kazi hizo hupewa nafasi ndogo.

Programu nyingi, mpangilio hakuna

Ukimuuliza frilansa yeyote anatumia programu gani, orodha inakuwa ndefu: Trello ya kupanga kazi, Notion ya kuandika mawazo, Toggl ya kuhesabu saa, Google Drive ya mafaili, WhatsApp ya kuongea na mteja, Payoneer au PayPal ya kupokea hela. Kila moja ina faida yake.

Shida inaanza pale kila kipande cha kazi kinapokaa mahali pake peke yake. Bei ilikubaliwa WhatsApp, maelekezo yako kwenye barua pepe, kazi yenyewe iko Drive, na malipo yameingia M-Pesa. Baada ya miezi 6 mteja akisema hajawahi kupokea kazi fulani, mtu anapekua simu usiku kucha.

Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti kwenye programu nyingine, kuna swali moja la kujiuliza: nikitaka kuondoka hapa, naweza kutoa taarifa zangu zote katika faili linalofunguka kwenye programu nyingine? Kama jibu ni hapana, hapo mahali si pa kuwekea kumbukumbu.

Jedwali moja linatosha

Kinachohitajika zaidi ni kitu cha kawaida kabisa: jedwali moja, la Excel au Google Sheets, lenye mstari mmoja kwa kila kazi. Safu zake ni tarehe, jina la mteja, kazi gani, bei iliyokubaliwa, siku ya kukabidhi, siku iliyokabidhiwa kweli, na pesa iliyopokelewa.

Hiyo safu ya mwisho igawanywe mara tatu: bei ya mteja, kilichobaki baada ya makato ya jukwaa, na shilingi zilizofika mkononi.

Sababu ni hii. Fiverr hukata asilimia 20 ya mapato ya muuzaji. Upwork ilikuwa na kiwango kimoja cha asilimia 10 kuanzia 2023, kisha Mei 2025 ikaanza kukata kati ya sifuri na asilimia 15 kutegemea kazi. Kazi ya dola 100 kwenye Fiverr inakuwa dola 80 kabla hujagusa ada ya kutoa pesa na bei ya kubadilisha dola.

Asiyeandika tofauti hizi anaweza kudhani mteja fulani ndiye anayelipa vizuri, kumbe akipiga hesabu ya saa alizotumia, yule wa bei ndogo ndiye aliyemwachia zaidi.

Kuna suala la kodi pia. Kenya, sheria ya taratibu za kodi inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Akaunti ya jukwaa ikifungwa mwaka wa pili, KRA haitamuuliza mwenye jukwaa. Itakuuliza wewe.

Makubaliano yanayofutika yenyewe

WhatsApp ndiyo ofisi ya wengi, na ni ofisi yenye tundu. Ina mipangilio ya ujumbe unaotoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Katika mazungumzo ya watu wawili, upande wowote unaweza kuiwasha. Mteja akiiwasha leo, makubaliano ya bei mtakayoandikiana kesho yanaweza kuwa yamefutika kabla kazi haijaisha.

Ujumbe wa sauti nao una shida yake: hautafutiki kwa neno. Mteja akituma sauti ya dakika 4 yenye mabadiliko matano, njia salama ni kumjibu kwa maandishi: "Nimeelewa hivi, moja, mbili, tatu. Siku ya kukabidhi ni fulani, bei ni ileile. Nithibitishie." Akijibu sawa, una mkataba mdogo. Piga picha ya skrini, iweke kwenye folda ya mteja huyo. WhatsApp pia inaruhusu kutoa mazungumzo yote yakawa faili, na kazi hiyo haichukui hata dakika.

Kwa walio Upwork wanaolipwa kwa saa, ushahidi hutengenezwa na programu ya jukwaa, inayopiga picha ya skrini takriban kila dakika 10 na kuhesabu matumizi ya kibodi na kipanya. Inakera, lakini ndiyo inayobeba dhamana ya malipo. Saa zilizoingizwa kwa mkono hazina ulinzi huo.

Saa kumi ya nani?

Kuna mtego unaowahusu hasa wanaozungumza Kiswahili. Simu inaandika 10:00, kichwa kinasoma saa kumi. Lakini 10:00 ya kalenda ni saa nne. Mtu aliyechoka anaweza kuchelewa kikao kwa saa sita nzima kwa sababu ya hilo tu.

Mtego wa pili ni majira. Afrika Mashariki haibadilishi saa, Marekani na Uingereza hubadilisha. Kikao cha saa 3 asubuhi New York kinaangukia saa 10 jioni Dar es Salaam na Nairobi wakati wa kiangazi chao, lakini kuanzia Novemba kinasogea hadi saa 11 jioni. Machi kinarudi tena.

Dawa ni kuingiza kikao kwenye kalenda kwa saa za mji wa mteja, si kwa saa za hapa. Kalenda ya Google inakubali kuchagua eneo la saa kwa kila tukio, na mabadiliko inayafanya yenyewe. Na mteja akisema "mwisho wa siku ya Ijumaa", muulize: Ijumaa ya wapi? Saa 5:59 usiku ya New York kwetu ni Jumamosi asubuhi.

Intaneti ikikatika

Mei 12, 2024, mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu. Intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Kwa mwenye duka ilikuwa kero. Kwa mwenye kazi ya kukabidhi jioni ile, ilikuwa hatari ya kupoteza mteja ambaye huenda hajui hata mkongo ni nini.

Asiyekuwa na nakala ya kazi kwenye kompyuta yake alibaki akitazama kiduara kinazunguka. Google Docs inaweza kutumika bila mtandao, ila mpangilio huo lazima uwashwe mapema, wakati mtandao upo.

Wapiga picha na wahariri wana kanuni ya zamani ya 3-2-1: nakala tatu za kazi, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na ulipo. Kwa frilansa wa kawaida ina maana ya kompyuta, diski ya nje au flashi, na hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta ikiibiwa kwenye daladala, kazi bado ipo.

Kumbuka pia kwamba nafasi ya bure ya Google ni GB 15 tu, na inagawanywa kati ya Gmail, Drive na Picha. Ikijaa kwa video za harusi, hata barua pepe ya mteja haitaingia.

Laini ya simu ni ufunguo

Akaunti nyingi za kazi hulindwa kwa namba za siri zinazotumwa kwa SMS. Laini ikipotea au ikifungwa, mwenye akaunti anabaki nje ya mlango wake mwenyewe, hata kama nenosiri analijua.

Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja, kwa ajili ya siku kama hiyo. Kazi yake ni kuandikwa kwenye karatasi na kufichwa nyumbani. Zikikaa kwenye simu ileile, simu ikiibiwa zimeondoka nayo.

Na kwa wale wanaokodi akaunti za watu wengine ili wapate kazi, biashara ambayo majukwaa makubwa yanaikataza, hakuna mpangilio unaoweza kuwaokoa. Sifa zote wanazozijenga ni za mwenye jina. Siku akibadilisha nenosiri, wamemfanyia kazi yeye.

Sheria ipo, lakini inataka kuwahiwa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake binafsi zinazoshikiliwa na kampuni, na kifungu cha 38 kinampa haki ya kuzipokea katika muundo unaosomeka na kompyuta ili azihamishie kwingine. Kampuni inapewa siku 30. Sheria inagusa hata kampuni zisizo na ofisi Kenya, mradi zinachakata taarifa za watu waliopo nchini.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, pamoja na Tume yake inayopokea malalamiko.

Kwenye karatasi, basi, frilansa ana silaha. Kwa vitendo, kuibana kampuni iliyoko California ikupe rekodi zako baada ya kuondoka sokoni ni safari ndefu kwa mtu anayedai dola 60. Taarifa zinachukuliwa kirahisi wakati akaunti bado iko wazi na hakuna ugomvi na mtu. Majukwaa mengi yana sehemu ya kupakua taarifa za malipo, na wengi hawajawahi kuibonyeza.

Kuna mpaka wa kuheshimu hapa. Kumbukumbu za kazi ni zako: tarehe, saa, malipo, tathmini ulizopewa. Mafaili ya siri ya mteja ni yake. Uliyesaini makubaliano ya usiri ukajaza diski kwa nyaraka za mteja umejitafutia kesi. Kama unataka kuonyesha kazi hiyo kwa wateja wengine, omba ruhusa kwa maandishi siku unayokabidhi, wakati mteja bado anafurahi.

Mpangilio hauleti kazi

Ni kweli, jedwali safi halimfanyi mteja apandishe bei. Halizuii jukwaa kufunga ofisi wala kubadilisha makato. Mzani bado umeelemea upande wa mwenye jukwaa, na suluhisho la hilo liko kwa watunga sheria na kwa wafanyakazi wenyewe kuungana.

Lakini hata huko, ushahidi unahitajika. Wafanyakazi 100 wanaosema "tulidhulumiwa" wanasikilizwa kwa huruma. Wafanyakazi 100 wenye tarehe, saa na kiasi cha pesa wanasikilizwa kwa kalamu mkononi. Wakili, ofisa wa benki na mteja mpya wote huuliza kitu kilekile: una kitu cha kuonyesha?

Nusu saa kila Ijumaa inatosha. Jaza jedwali, pakua taarifa ya malipo ya wiki, hifadhi picha za skrini za makubaliano na tathmini mpya, nakili kwenye diski. Barua pepe ya kusitisha huduma haitangazi siku yake. Ikija, iondoke na kazi tu, historia yako ibaki nyumbani.