Vidonge mu mashimo, ballon ku mlango: tufunge watu ao tuwaponyeshe?

Asubuhi, mbele ya mlango wa kampuni za madini za Lualaba na Haut-Katanga, wafanyakazi wanapanga mustari na kupuliza mu ballon. Mwenye kuonekana na pombe mu damu hapiti. Anarudi nyumbani, na mara nyingine kazi yake inaishia palepale. Kwa wachimbaji wa mikono, ballon haiko. Mtu anashuka mu shimo na chochote alichokunywa ao alichomeza, na hakuna wa kumuuliza. Hizi ni kazi mbili tofauti, lakini swali ni moja: mtu akishajulikana kama ameshikwa na pombe, bangi ao vidonge, anaenda wapi?

Tangu miaka mingi serikali yetu inajibu: anaenda jela, ao mbali. Tuangalie kama jibu hilo limezaa matunda.

Tuseme kwanza juu ya nini watu wanakamata hivi vitu. Si uvivu. Mwenye kupiga musingi kutwa mzima na kubeba magunia ya mawe ku mgongo, mwili unamuuma. Tramadol ni dawa ya maumivu, munganga anaandikia mgonjwa aliyepasuliwa ao aliyevunjika. Inaficha maumivu, na wengine inawapa kujisikia nguvu. Ndiyo maana inapendwa pale kazi ni nguvu. Lakini mwili unazoea. Kidonge kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vitano. Siku anakosa, anatoka jasho, mifupa inauma, tumbo linaharisha, usingizi unapotea. Akizidisha, anaweza kuanguka kama mtu wa kifafa. Akichanga na lutuku ao Valium, pumzi inaweza kusimama. Na mu shimo, mwenye kusinzia ao kuanguka hajiumizi peke yake: wako wenzake chini yake.

Sasa tuone jibu la nguvu. Mwisho wa mwaka 2013, Kinshasa, polisi ilianza operesheni Likofi juu ya kuwamaliza wakuluna, vijana wa makundi ya mapanga ambao wengi wao wanatumia bangi na pombe kali. Human Rights Watch iliandika mwaka 2014 kwamba vijana na wanaume angalau 51 waliuawa, na wengine 33 walipotea bila kujulikana walipo. Je, wakuluna waliisha? Hapana. Mwaka 2020 serikali ilibadili njia kidogo: ikaanza kuwapeleka Kaniama-Kasese, huku kwetu mu Haut-Lomami, kwa Service national, wajifunze kulima, kujenga na kushona. Lakini mwaka 2024 serikali ikaruhusu tena kutekeleza hukumu ya kifo, na kufikia mwezi wa kwanza 2025 zaidi ya watu 100 waliohukumiwa hivyo kwa ujambazi walikuwa wamesafirishwa ku jela ya Angenga. Toka ngumi, kwenda shamba, kurudi ku ngumi, na miaka zaidi ya kumi imepita.

Mwaka 2021 ilikuwa zamu ya bombé, unga uliosagwa kutoka mu bomba la moshi la gari na kuchangwa na vidonge. Wenye magari walilia juu ya wizi, na Rais Tshisekedi mwenyewe alilizungumza mbele ya mawaziri. Polisi ikakamata watu wengi na kuwaonyesha mbele ya makamera. Mtu akionyeshwa ku televizyo, watu wanapiga makofi. Lakini kesho yake, ile hamu ya dawa iko palepale mu damu yake. Jela haina dawa ya kuitoa. Anapotoka, anarudi kwa marafiki walewale, bila kazi, na jina limechafuka. Kwa mama yake, hapo mateso yanaanza upya.

Hatusemi polisi ikae bure. Mwenye kukata watu na panga lazima ahukumiwe, na mwenye kuuzia batoto vidonge pia. Tunasema polisi iangalie pale bidhaa inapopitia, isiangalie tu mukono unaomeza. Mchimbaji hatengenezi Tramadol. Nyingi zinatoka India, zinavuka mipaka, zinapita mu depo, kisha mu vifarmasi vya njiani, mwisho ziko ku meza ya soko kati ya sigara na bonbon. ACOREP, shirika la serikali linalosimamia dawa, ndiyo yenye kazi ya kuruhusu ao kufunga hizo nyumba za dawa. Kukamata vijana kumi wenye vidonge kumi mu mfuko ni rahisi. Kuuliza katoni mia zimepita mpaka namna gani, na nani alitia sahihi, ndiyo kazi yenyewe.

Lakini hata huko tusijidanganye. Mwaka 2018 India iliweka Tramadol chini ya sheria kali ya dawa za kulevya. Nini ilitokea? Mu Afrika ya Magharibi kukaingia vidonge vingine, tapentadol iliyochangwa na carisoprodol, vyenye nguvu kuliko vya kwanza. Mpaka mwezi wa pili 2025 India ikasimamisha navyo kupelekwa inje. Ukifunga mlango mmoja na mtu bado ana kiu, atatafuta dirisha. Basi ile kiu yenyewe iponyeshwe.

Kuponyesha inawezekana. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na shida ya heroini mu Dar es Salaam na Zanzibar. Mwaka 2011, lopitali ya Muhimbili ilianza kupatia wagonjwa methadone, dawa ya kunywa kila siku mbele ya munganga, bure. Mtu hatetemeki tena, haibi tena juu ya kupata dozi, hatumii tena sindano ya mwenzake yenye ukimwi. Kisha huduma ile ikafika mu miji mingine. Na Tanzania haikuacha kukamata wauzaji wakubwa, iko na mamlaka yake ya kupambana nao. Mikono miwili inafanya kazi pamoja: mmoja unafunga muuzaji, mwingine unapokea mgonjwa.

Kwetu, mukono wa pili ni mfupi sana. Kinshasa iko CNPP. Lubumbashi iko Centre neuropsychiatrique Docteur Joseph Guislain, ya Frères de la Charité. Lakini jamaa ya Fungurume ao Kambove inaomba ilipe safari, dawa, chakula cha mlinzi wa mgonjwa, na wakati huo mwenye kuleta posho ndiye amelala. Wengi wanashindwa. Wanabaki na chumba cha maombi, ao kamba. Maombi hayakatazwi na mtu. Kufunga mgonjwa ku mti, hapana.

Feza itatoka wapi? Hapa ndipo wachimbaji na jamaa zao wana haki ya kusema kwa sauti. Code minier ya 2018 inaomba kila kampuni ya madini itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Kampuni ikiuza madini ya milioni 500 za dola, hiyo ni milioni moja na nusu kila mwaka. Tena 15% ya redevance minière inaenda kwa commune, sekta ao chefferie pale mgodi uko. Wakati wa kupanga matumizi, tunasikia soko, kisima, ofisi ya chefu. Vyote vizuri. Lakini ni nani aliomba wauguzi wawili waliofundishwa kutunza walevi na watu wa vidonge, na chumba chenye vitanda vitano mu centre de santé? Wajumbe wenu wanakaa mu hizo mikutano. Waulizeni.

Wenye mkataba wa kampuni wana neno lingine la kuomba. Code du travail inaomba mwajiri atunze mfanyakazi na jamaa yake wakati wa ugonjwa. Na shirika la kazi la dunia, BIT, liliandika tangu 1996 kwamba ulevi na dawa za kulevya mu kazi zihesabiwe kama shida ya afya, na mwenye kuomba msaada mwenyewe asipoteze kazi yake. Ballon ni ya lazima: hakuna anayetaka dereva mlevi mu lori la tani mia. Lakini sendika iombe maandishi haya mu convention collective: mwenye kujitokeza mwenyewe kabla ya kukamatwa, anapumzishwa, anatunzwa, kisha anarudi. Bila hiyo, kila mtu anaficha, na mwenye kuficha ndiye wa hatari.

Mpaka siku hiyo ifike, mambo haya yajulikane mu kila lupango. Moja: mtu aliyemeza vidonge na pombe, analala, anakoroma sana ao pumzi inakuja polepole, na ukimwita haitiki, usiseme alale tu, kesho itaisha. Mlalishe ku ubavu, usimmiminie maziwa wala maji mu kinywa, mkimbize lopitali, na mwambie muuguzi ukweli wa alichomeza. Mbili: mwenye kunywa lutuku sana kila siku kwa miaka, asikatishwe kwa siku moja peke yake nyumbani. Anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyoonekana, kuanguka kifafa na kufa. Aache, ndiyo, lakini mbele ya munganga. Tatu: mwenye kumeza Tramadol nyingi, apunguzwe polepole. Ine, kwa wa mashimo: aliyekunywa ao kumeza asishuke siku hiyo, na wenzake wasimcheke.

Kumaliza kabisa pombe na dawa mu migodi, hakuna nchi iliyoweza. Kupunguza vifo, ajali na watoto wanaobaki yatima, inawezekana. Feza iko mu sheria. Kinachokosa ni watu wa kuiomba, kuanzia mkutano ujao.