Vyeti vya tovuti kuwa vya siku 47: onyo kwenye simu linatuhusu vipi?

Msikilizaji, huenda umewahi kufungua tovuti kwenye simu, ukurasa ukakataa, na badala yake likaja onyo kwamba muunganisho si salama. Wengi wetu hutafuta pa kubonyeza ili tupite. Uamuzi uliofanyika Aprili 2025 unaweza kutukutanisha na onyo hilo mara nyingi zaidi.

Onyo hilo linahusu cheti. Kila tovuti ambayo anwani yake huanza na https ina cheti cha kidijitali. Cheti huthibitisha kwamba umefika kwenye tovuti uliyoiandika, na husaidia kuficha taarifa zako zikiwa njiani. Kina tarehe ya mwisho, kama bima ya pikipiki. Ikipita, simu inakataa hata kama tovuti ni halali.

Nini kimeamuliwa?

Jukwaa la CA/Browser Forum, linalokutanisha watoa vyeti na kampuni za vivinjari kama Google, Apple na Mozilla, lilipiga kura kupunguza umri wa vyeti. Kikomo kilikuwa siku 398. Kwa vyeti vinavyotolewa kuanzia 15 Machi 2026 ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 ni siku 100, na kuanzia 15 Machi 2029 ni siku 47. Sababu ni kwamba ufunguo wa cheti ukiibiwa, mwizi asiutumie kwa muda mrefu.

Lakini ofisi iliyozoea kuhuisha cheti kwa mkono mara moja kwa mwaka italazimika kufanya hivyo karibu mara 8. Mhusika akienda likizo, tovuti inakwama. Kwa hiyo kazi hiyo inabidi ifanywe na programu yenyewe. Huduma ya Let's Encrypt ya Marekani hutoa vyeti bure kwa njia hiyo, na Juni 2025 iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha wenye tovuti.

Kujaribu kabla

Programu hiyo nayo inaweza kukosea, na hapa ndipo fundi anahitaji kompyuta pepe. Anaweka programu isiyolipiwa kama VirtualBox kwenye kompyuta yake, na ndani yake anatengeneza kompyuta nyingine inayofanana na ile inayobeba tovuti. Humo anaweka cheti cha majaribio, anasogeza saa mbele hadi tarehe ipite, kisha anaona kama kimehuishwa. Kikiharibika kitu, anarudi mwanzo, na tovuti halisi haijaguswa. Ni kama shamba darasa: mbegu mpya hujaribiwa kwenye kipande kidogo kabla ya kupandwa ekari nzima.

Kwa maoni yetu, taasisi inayotutaka tuangalie matokeo au tulipe ada kwa simu ina wajibu wa kufanya jaribio hili. Cheti kikiisha, anayeumia ni mwananchi aliyemaliza bando na sasa anatafuta nauli ya kwenda mjini. Baya zaidi, anazoea kupita onyo. Siku tapeli akijipenyeza katikati, onyo litakuwa lile lile.

Ufanye nini?

Kwanza, angalia tarehe na saa ya simu yako. Simu iliyokaa muda mrefu bila chaji inaweza kurudi na tarehe ya zamani na kuleta onyo hilo.

Pili, kama tarehe ni sahihi na onyo bado lipo, usiandike neno la siri wala namba ya siri ya pesa. Wapigie wenye tovuti kwa namba unayoifahamu tayari.

Tatu, kukosekana kwa onyo hakumaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kupata cheti cha tovuti yake. Soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kuandika chochote.